Fundi aliyeing'oa mota ili miguu irudi kazini

Saa moja na nusu asubuhi, fundi cherehani anavaa miwani, analamba ncha ya uzi na kuinyanyua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Mara ya kwanza uzi unakosa tundu. Mara ya pili unapita.

"Leo tumepona," anasema. Chumbani hakuna wa kumjibu.

Ana miaka hamsini na minane. Miguu inaanza kukanyaga, cherehani inaitikia. Mkabala naye kuna kiti chenye mto wa bluu. Hapo mkewe alikaa miaka kumi na tisa akishona vifungo, mpaka kisukari kikamfifisha macho. Mwaka wake wa mwisho, fundi ndiye aliyekuwa akimtungia uzi.

"Alikuwa ananyoosha tu mkono, namwekea sindano iliyo tayari," anasema. Alifariki miaka minne iliyopita.

Baada ya msiba, binti yao wa pekee, anayefanya kazi ng'ambo, alimtumia mota ya cherehani. "Baba, pumzisha miguu," aliandika kwenye karatasi ambayo hadi leo imebandikwa ukutani.

Miguu ikapumzika kweli. Mashati manne kwa siku yakawa tisa, wateja wakambatiza jina la Mzee Mota. Akawa hainuki. Chai ya vijiko vinne vya sukari, mkate, chakula cha mchana, vyote palepale kitini, peke yake. Katika miaka mitatu akatoka kilo sabini na moja hadi tisini na nne. Fundi anayepima viuno vya mtaa mzima akawa anajiongezea vipande kwenye suruali yake mwenyewe.

Miezi mitatu iliyopita uzi ulimshinda. Mara tano, mara kumi. Akafunga duka, akaenda zahanati akikumbuka macho ya mkewe.

"Macho ni umri tu, Baba, tafuta miwani," muuguzi alimwambia. "Lakini sukari yako kabla ya kula ni sita nukta nane. Hujafika kwenye kisukari, ila umeshika kitasa cha mlango. Unafanya kazi gani?"

"Nakaa," alijibu.

Muuguzi alimweleza kwamba misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na insulini ndiyo inayoibishia hodi ifungue.

"Misuli isiyofanya kazi, ukiijaza chakula kila siku, ni kama jiko lililosheheni kuni lakini hewa haipiti," anasema muuguzi huyo. "Linafuka moshi. Ndani ya misuli moshi huo ni chembechembe zinazoumiza seli, na zinachangia kuifanya iwe kiziwi, isisikie hodi ya insulini. Sukari inabaki kwenye damu, mwili unamwaga insulini zaidi, mafuta yanazidi kujikusanya tumboni."

Fundi aliondoka na jambo moja kichwani. "Miguu yangu ilikuwa inakula sukari miaka thelathini, mimi nikaifukuza kazi!"

Jioni hiyohiyo alichukua bisibisi, akaing'oa mota na kurudisha mkanda wa ngozi wa kanyagio.

"Mimi nilimwambia atembee na apunguze sukari," muuguzi anacheka. "Habari za mota ni zake."

Sasa anashona mashati matano kwa siku. Dobi wa chumba cha pili haachi kumtania.

"Mzee Mota bila mota! Tukuite nani sasa?"

"Niite utakavyo, ila usiniletee soda."

Kila jioni anatembea nusu saa, peke yake. Uzito umeshuka hadi kilo themanini na saba. Jumatatu atapimwa tena, na sukari ikiwa imepanda ataanza dawa.

"Dawa siiogopi," anasema, akikitazama kile kiti. "Naogopa siku nitakayonyoosha mkono, na wa kuniwekea sindano hayupo."

Binti hupiga simu kila Jumapili. Fundi husimamisha miguu kwanza, binti asije akasikia kanyagio na kugundua kwamba zawadi yake iko kabatini. Hajamwambia lolote kuhusu sukari.

"Majibu yawe mazuri, yawe mabaya, Jumapili ijayo sisimamishi," anasema, na kanyagio linaendelea kupanda na kushuka. "Binti yangu alikuwa akilala kwa sauti hii mpaka akaanza shule. Ataijua. Akiuliza, nitamwambia yote."