Biftek ya Pepa

Katika restora yetu kubwa inayotazama ziwa, muuza saruji mmoja huleta wateja wake kula saa sita, kravati imefungwa mpaka kooni. Wenzake wakibishana juu ya mkataba, yeye hugeuza polepole sahani ya biftek, kipande chake cha nyama ya kukaanga, hadi upande wenye mafuta umuelekee. Kabla ya kukata, huniuliza kwa sauti ndogo: “Mama Adolphine, hii ngombe ya wapi?”

“Ya Pepa, Papa.”

Hapo hufumba macho, akatafuna kama muntu anayesikiliza kengele za ngombe kwao Pepa, kule milimani. Jana mvua ilikata barabara ya Pepa. Nyama tuliletewa kwa boti toka Kigoma. Alipouliza, nilijifanya ninapangusa meza.

“Ninajua, Mama,” akasema bila kuinua macho. “Boti niliiona mwenyewe bandarini. Wewe sema tu Pepa, nikule.”