Kambi ya Tumbo Bapa

Nilijikojolea mbele ya wanawake kumi na tisa na mwanaume mmoja. Saa nne asubuhi, jua linawaka, kamba ya kuruka ikiwa mkononi.

Yule mwanaume akanipigia makofi.

"Mafuta hayo yanatoka! Muone Babra! Mafuta yake yameanza kuyeyuka!"

Na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha sekondari na mtoto nyumbani, nikatabasamu.

Nasema mapema ili tusisumbuane. Katika kisa hiki kuna mshenzi mmoja na mjinga mmoja. Mshenzi mtamjua sasa hivi. Mjinga ndiye anayewaandikia.

Kwetu ni Kiyeyi, wilaya ya Tororo, lakini nimeolewa Busia, upande wa Uganda. Nashona nguo. Na nacheza netiboli, tena si ya kubahatisha. Timu ya mafundi cherehani wa soko letu mimi ndiye mfungaji wao, na kila Desemba tunakwenda Tororo kwenye mashindano ya masoko.

Mwaka jana mwezi wa nne nilimzaa Isaac. Kilo nne na ushee. Alitoka kama mtu anayevunja mlango, nikashonwa, nikarudi nyumbani natembea kama bata.

Wiki ya tano navaa gauni langu la gomesi la kanisani, mume wangu Oketcho amekaa kitandani ananitazama. Kazi yake ni kushughulikia karatasi za malori pale mpakani.

"Mama Isaac," akasema, "huyu mutoto alitoka kweli? Ama kuna mwingine amebaki ndani?"

Akacheka peke yake.

Mwanaume ambaye tumbo lake linaingia nyumbani kabla yake. Mwanaume ambaye hajawahi kuzaa hata panya.

Ningemdharau, yakaisha. Lakini neno liliniingia. Jioni hiyo hiyo nikakuta tangazo kwenye WhatsApp: "Kambi ya Tumbo Bapa. Wiki sita tu, mama unarudi msichana. Kocha Nashon, Busia Kenya, nyuma ya ukumbi wa harusi."

Nikahesabu wiki sita, nikaona Desemba bado iko mbali. Nikajiona niko uwanjani tayari.

Jumatatu nikavuka mpaka na Isaac mgongoni.

Kocha Nashon nimweleze vipi? Miwani nyeusi. Filimbi shingoni. Jaketi ya michezo imefungwa zipu mpaka kidevuni, na joto lile la Busia mnalijua. Amekalia kiti cha plastiki kama mgeni rasmi. Wiki zote nilizokuwa pale sikumwona akiruka hata mara moja. Alikuwa anasema kazi ya kocha ni macho.

Aliniuliza jina langu na namba ya simu. Basi.

Hakuuliza nimejifungua lini. Hakuuliza nimejifunguaje. Ningekuwa nimezaa asubuhi ile angenipa kamba tu.

"Karibu, mrembo. Huku hatubembelezani. Kamba mia mbili, sitapu za kulala na kuinuka mia moja, halafu tunaanza mazoezi."

Alituuzia na mkanda wa tumbo. Alitaka tuufunge mpaka pumzi ikatike. Ukilegeza, anapuliza filimbi.

Watoto wetu walilala juu ya leso kwenye kivuli cha ukuta, wamepangwa mstari. Wakilia, Nashon anaongeza sauti ya muziki.

Halafu mimi, kwa akili zangu timamu, nikamwingiza Ritah.

Ritah ni jirani yangu, Mteso kwa kabila, tunashiriki ukuta. Alikuwa amejifungua msichana kwa kupasuliwa. Wiki nne tu. Nikamkuta anaanika nepi, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Ritah, twende kambini."

"Babra, mimi bado. Hii kidonda inavuta. Sista wa hospitali alisema ningoje mpaka anione tena."

"Sista yupi? Yule mwenye tumbo kama ngoma? Yule atakushauri nini kuhusu tumbo?"

Akacheka kidogo. "Lakini alisema..."

"Ritah, usijidekeze. Wewe si mwanamke wa kwanza kupasuliwa."

Nilivyosema hivyo nilijisikia mtu wa maana kweli. Nilidhani nampa nguvu.

Alikuja. Siku ya tatu, katikati ya sitapu, akaacha. Akakaa chini, uso umekuwa na rangi ya majivu.

Filimbi ikalia.

"Wewe wa pale!" Nashon akapaza sauti. "Umekuja kambini ama umekuja matanga?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili kocha aone siko upande wa walegevu.

Ritah akanitazama. Halafu akalala tena chali, akaendelea.

Ni wiki hiyo hiyo nilipojikojolea na kupigiwa makofi. Tulipokuwa tunakunja leso, dada mmoja anayetoka Lumino, anaitwa Loy, akanisogelea.

"Kesho vaa suruali nyeusi," akaninong'oneza.

Nikatazama. Wote walikuwa wamevaa nyeusi. Mimi nilidhani ni sare.

Wanawake ishirini tunavuja kila asubuhi, na badala ya kuuliza kwa nini, tumekubaliana rangi ya suruali! Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Wiki ya tatu kitu kingine kikaanza. Nikisimama muda mrefu kukata vitambaa, nasikia uzito huku chini, kama kitu kimeshuka na kinatafuta mlango. Nikaona na damu kidogo, wakati ile ya uzazi ilikuwa imeshakatika. Nikamwendea Nashon.

"Kocha, nasikia uzito huku chini. Na damu imerudi."

Hakuvua hata miwani.

"Hiyo ni misuli inaamka, madam. Manze, unataka kuacha ukiwa karibu kabisa? Ongeza raundi."

Nikaongeza raundi. Ndiyo, nikaongeza.

Siku hiyo hiyo, Ritah akiwa kwenye kamba, nikaona fulana yake imelowa mbele. Sio maziwa. Ilikuwa imelowa chini, pale kwenye mshono wa tumbo. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto kama pasi.

"Babra," akasema taratibu, "peleka mimi hospitali."

Kidonda kilikuwa kimefunguka upande mmoja, na ndani kuna usaha. Akalazwa siku tisa. Walimsafisha, wakamshona upya. Mtoto wake akawa analetwa wodini anyonye, analia, anarudishwa nyumbani. Mume wake Ecodu, mtu mpole asiyejua hata kugomba, alinipita kwenye korido bila kunisalimia.

Na kocha wetu je? Alimtoa Ritah kwenye grupu la kambi la WhatsApp, halafu akaandika: "Kambi hii si ya watu walegevu. Wenye moyo tuendelee."

Wanawake wakaanza kuweka dole gumba. Mmoja, wawili, kumi.

Mimi pia niliweka dole gumba.

Someni tena huo mstari. Rafiki yangu yuko kitandani na mpira wa dawa mkononi, kwa sababu yangu, na mimi nimebonyeza dole gumba.

Usiku huo, haki ya Mungu, sikuwa na hamu ya kujitazama kwenye kioo. Ila uzito ule chini haukungoja nimalize kujuta. Nikaamua kutafuta mtaalamu wa misuli na viungo. Busia sikutaka, kila mtu ananijua. Nikasikia kuna mmoja mzuri Tororo, anaona wamama waliojifungua. Nikapanda gari nikaenda huko kujificha.

Kumbe sikuwa peke yangu niliyekwenda kujificha.

Nimekaa kwenye benchi namnyonyesha Isaac. Mlango ukafunguka. Akatoka mwanaume anatembea pole pole, mkono umeshika tumbo juu ya kitovu kama mtu aliyebeba yai. Hana miwani. Jaketi iko wazi, na ndani naona mkanda mpana mweupe wa hospitali.

Nyuma yake mtaalamu mwenyewe, musawo kama tunavyowaita upande wetu, mama mmoja mfupi anaitwa Aanyu, anamsindikiza kwa maneno.

"Bwana Nashon, mimi nasema mara ya mwisho. Henia yako ilishonwa juzi tu. Hakuna kubeba, hakuna kuruka, hakuna sitapu. Tumbo iliyokatwa inataka miezi kupona. Umeskia?"

"Nimeskia, musawo," Nashon akajibu, sauti nyororo kama mtoto wa komunio. "Mimi hata ndoo ya maji sibebi. Tangu mniambie, nafuata kila kitu."

Tangu mniambie!

Akageuka, akaniona.

Nimewahi kuona watu wakikamatwa pale mpakani na magendo kwenye matairi. Hakuna aliyewahi kuwa na uso ule.

"Babra," akasema.

"Kocha. Na wewe mafuta yanayeyuka?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogea karibu. "Madam, tafadhali. Usiniaibishe. Hii ni mambo ya mwili wangu."

"Ulishonwa lini?"

Akavuta jaketi kufunika mkanda.

"Kocha, nakuuliza. Ulishonwa lini?"

"Mwezi wa tano."

Kambi ilianza mwezi wa sita. Kumbe kile kiti cha plastiki kilikuwa amri ya daktari. Mtu huyu alijua. Aliambiwa kwa mdomo kwamba tumbo lililokatwa halikunjwi wala halirukishwi, akatii, akajifunga, akajitunza kama kikombe cha kioo. Halafu kila asubuhi anapuliza filimbi mbele ya mwanamke aliyepasuliwa wiki nne tu zilizopita na kumwita mlegevu.

"Tumbo la Ritah pia lilishonwa," nikamwambia.

Akafunga zipu mpaka kidevuni, akaondoka taratibu, akishika ukuta kwenye ngazi.

Musawo Aanyu aliniingiza ndani. Kabla hajanigusa, aliniuliza maswali nusu saa nzima. Ulijifungua lini? Ulichanika? Unavuja ukikohoa au ukiruka tu? Damu imerudi? Uzito uko wapi? Unalala? Mwanzoni nilimjibu kwa mkato. Baadaye nikaanza kulia, kwa sababu ndipo nilipogundua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Akanilaza, akanipima katikati ya tumbo. Misuli ilikuwa imeachana, vidole vitatu vinaingia. Akaniangalia na chini.

"Kizazi kimeshuka kidogo. Kitarudi, lakini si kwa kamba. Wewe ulikuwa na nyumba ambayo saruji yake bado ni mbichi, na ukaenda kucheza ngoma juu ya paa."

"Sasa nifanyeje? Mimi nacheza netiboli."

"Utacheza. Leo tunaanza na kupumua."

Nilitaka kumdharau, kweli. Mfungaji mzima nimetoka Busia kuja kufundishwa kupumua? Lakini ndicho alichonifundisha. Vuta pumzi, itoe polepole, na unapoitoa kaza huku chini kama mtu anayezuia mkojo, halafu achia kabisa. Mkanda nitupe. Nitembee, kidogo kidogo, niongeze kila wiki. Nikisikia uzito au nikiona damu, nipunguze na nirudi kwake. Kuruka, mpaka yeye aseme.

Nikamweleza na habari ya Ritah. Nilimwambia mimi ndiye niliyemvuta.

Nilitegemea aniambie si kosa lako, pole. Hakusema hivyo.

"Basi nenda mwambie," akasema.

Nikiwa njiani kurudi nikarekodi sauti ya dakika tatu, nikaituma kwenye grupu. Nilisema ya Ritah, nilisema ya kwangu, na nilisema kwamba tunavuja kwa sababu tumeumia na si kwa sababu ya mafuta. Nikawaambia mtu asiyewahi kunyanyuka kwenye kiti muulizeni kwa nini. Nashon alinitoa baada ya dakika mbili. Alichelewa. Loy wa Lumino alikuwa ameshaisambaza. Kufikia Ijumaa kiti cha plastiki kilikuwa peke yake uwanjani.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Sikufurahi sana. Kumdharau Nashon ni kazi rahisi, hata Isaac ataiweza akikua. Kilichonishinda ni kugonga mlango wa upande wa pili wa ukuta wangu.

Niligonga. Ritah alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani.

"Ritah, sista alikuwa sawa na mimi nilikudanganya. Nilicheka ulipoumia. Na kocha aliposema wewe ni mlegevu, niliweka dole gumba."

"Niliona," akasema. "Alinitoa jioni. Ecodu alinionyesha kwenye simu ya dada yake, yeye yumo kwenye grupu."

Nikakosa pa kuweka macho.

Akamhamisha mtoto titi la pili.

"Babra, mimi nimekusamehe. Lakini usinishauri tena kitu. Hata bei ya nyanya, usiniambie."

Mashindano ya Desemba sikucheza. Nilikaa pembeni na daftari la magoli huku msichana wa miaka kumi na tisa akikosa mipira ambayo mimi ningefunga nimefumba macho. Mwezi wa pili, Isaac ana miezi kumi, musawo aliniruhusu kuruka. Niliruka ishirini. Suruali ilikuwa kavu, na ilikuwa ya kijivu.

Dada unayesoma hapa na mtoto wako mchanga amelala pembeni, sina hekima kubwa. Anayetaka kukurudisha kwenye mazoezi aanze kwa maswali. Kama hajui ulijifungua lini na vipi, hana ruhusa ya kukuhesabia sitapu. Ukivuja, ukisikia uzito, damu ikirudi, simama na utafute mtu aliyesomea. Na kama wewe ni yule rafiki mwenye mdomo mkubwa, kama nilivyokuwa mimi, ufunge kabla hujamwita mwenzako mvivu.

Ritah siku hizi anatembea kila asubuhi na mapema, barabara ya kwenda Bulumbi, mtoto mgongoni, mwendo wake mwenyewe. Anapita mlangoni kwangu. Ananisalimia vizuri, anaendelea.

Hajawahi kuniambia twende. Na mimi simuombi.