Bunduki ya Mzee Aminiel na Jani la Isale

Magreth Aminiel Nnko ni fundi cherehani wa Sokon I. Hushona majoho ya kwaya na sare za shule, na siku za Jumamosi hupiga shabaha kwa bunduki za vita zilizostaafu. Baadhi ya wateja wake huliona jambo hilo la pili kuwa kasoro. Hakuna aliyewahi kumwomba maelezo kwa adabu, kwa hiyo hajayatoa.

Kabla ya mambo haya alikuwa na bunduki mbili zenye leseni, moja ya Kijerumani na nyingine ya Kiingereza. Zote ni za komeo: mpigaji huvuta komeo kwa mkono, ganda likatoka, akalisukuma, risasi nyingine ikaingia. Viwanda vilizitengeneza zimfae kila askari, na matokeo yake hazikumfaa yeyote. Magreth huzivisha upya. Chuma humwachia fundi aliyesajiliwa. Yeye hushughulika na kitako, ambacho hukichonga kwa mbao ya mringaringa. Hupima mkono wa mpigaji kwa futi ileile ya kupimia majoho, toka kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, Mzee Aminiel wa Kikwe, aliyelinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori kwa bunduki ya Kiingereza ya vita vya pili. Magreth alipokuwa mtu mzima mwenye kibali, na ikadhihirika kwamba ndiye mwenye jicho kuliko ndugu zake wote, mzee alikikata kitako kikamkaa binti yake begani. Tangu siku hiyo mzee mwenyewe alilenga huku amejikunja, wala hakulalamika.

Mzee alifariki mwaka jana. Bunduki ikapelekwa polisi kama sheria inavyotaka, ikasubiri mrithi mwenye leseni. Ukoo ulikaa Kikwe baada ya mazishi, ukajadili kwa muda wa sufuria moja ya chai, kisha ukampa bunduki Meshack, mdogo wake Magreth, muuza spea za magari huko Themi. Meshack hakuwa ameiomba. Sifa yake ilikuwa kuzaliwa mwanamume, sifa ambayo hakuifanyia kazi hata siku moja, na ambayo mikutano yetu ya ukoo bado inaihesabu kuwa juhudi.

Magreth aliitaka bunduki ile kuliko kitu kingine chochote cha baba yake, na alisema hivyo mbele ya wote. Aliambiwa amesikika.

Ili apate leseni, Meshack alihitaji kwanza cheti cha kuimudu silaha. Alimwomba dada yake amfundishe. Magreth angeweza kumfundisha vibaya. Alimfundisha vizuri, asubuhi nzima, katika uwanja wa klabu yao kwenye nyanda kavu nyuma ya Mlima Meru, kwa bunduki yake ya Kiingereza, ambayo kitako chake alikipa kipimo kilekile alichokata baba.

"Dada, mimi nauza spea. Nionyeshe tu pa kubonyeza."

"Vuta uso nyuma kwanza."

"Nimevuta."

"Hujavuta, Meshack. Unainusa."

Alifyatua. Bunduki ikarudi nyuma, na kidole gumba chake mwenyewe kikampiga puani.

"Imenipiga!"

"Umejipiga. Na ile ya baba iliyoko polisi ni fupi hivihivi."

Lesian, msimamizi wa klabu, alimtazama mwanafunzi mwenye damu hadi kwenye kola, akasema cheti hakitatoka.

Sasa polisi waliwaarifu kwamba mrithi asipopatikana, silaha itateketezwa. Wazee walishtuka. Baba mdogo Sadoki, mwenyekiti wa ukoo, akabuni suluhisho: Magreth achukue leseni, lakini aitunze bunduki kwa niaba ya Meshack.

Magreth alikataa. Alisema leseni ina nafasi ya jina moja tu, na afadhali bunduki iyeyushwe kuliko yeye awe kabati la mdogo wake.

Ndipo Mzee Sadoki alipofika Sokon I, akifuatana na Meshack aliyeshika jani la isale. Wameru wanalijua jani hilo: mtu akikuletea, huwezi kumrudisha mikono mitupu. Mzee alikuwa na hakika kwamba amemaliza kazi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Hujambo? Umeona tumekuja na nini."

"Nimeona." Magreth alisimamisha cherehani, akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimepokea. Sasa nitajieni kosa."

"Kosa gani?"

"Isale huletwa na mkosaji anayeomba radhi, baba. Ninyi ndio mmeileta. Nimekubali kusamehe. Semeni ninasamehe nini."

Mzee Sadoki alimtazama Meshack. Meshack alitazama majoho.

"Tulikuja kukuomba tu," mzee alisema.

"Wa kuomba tu huja na ndizi."

Meshack akacheka, akajikuta anaigusa pua yake yenye plasta. "Baba, tuseme tu. Hata mimi nimechoka kurithi."

"Nyamaza, wewe!" Lakini jani lilikwisha kupokewa, na mzee alikuwa mtu wa mila kuliko mtu wa hila. Alivua kofia. Alisema kwamba ukoo ulichukua kitu ambacho marehemu alikikata kwa kipimo cha binti yake, ukampa asiyepimwa. Kwamba hilo ni kosa. Kwamba bunduki ni ya Magreth, kwa jina lake, bila niaba.

"Nimesamehe," Magreth alisema. "Na shamba la baba kule Kikwe?"

"Mama, tunywe chai kwanza."

Chai ilinywewa. Bunduki ilitoka polisi kwa jina la Magreth Aminiel Nnko, na Jumamosi iliyofuata alipiga nayo risasi tano, zote ndani ya duara linalofunikwa na kisosi. Shamba la Kikwe lingali mikononi mwa wanaume, na mkutano wa ukoo wa kulijadili umekwisha kuahirishwa mara mbili kwa sababu ya mvua, ingawa unafanyika ndani ya nyumba.