Mstari Uliosema Mama Hana Mtoto

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu unayesoma haya, wala si siku ya harusi yangu. Ni siku niliyosimama kwenye foleni huko Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mwaka mmoja baada ya vita vya tisini na sita kututoa Uvira, kwetu Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku hiyo nilimkana mama yangu, naye akiwa amesimama hatua mbili nyuma yangu.

Nitaeleza polepole. Sikusoma sana, na mambo mazito nayaandika kama mtu aliyebeba mtungi kichwani: nikiharakisha yatamwagika.

Tulikuwa tumebaki wawili tu. Mama aliitwa Feza Nabintu, mimi Sifa. Baba alibaki njiani, katika kaburi tulilolichimba kwa sufuria. Pale Nakivale tulilala chini ya shitingi, lile turubai la plastiki walilotugawia, na asubuhi tulipishana na ng'ombe wa wenyeji, wenye pembe ndefu, wakienda ziwani. Katika foleni ya kuandikishwa uvumi ulikuwa mwingi kuliko chakula. Watu walisema watoto wasio na wazazi watapelekwa kusoma mjini Mbarara, watalala vitandani, watavaa viatu. Vita vilinikuta sekondari, mwaka wa pili, na daftari langu la hesabu nililibeba tumboni, ndani ya nguo, mpaka mpakani. Nilipenda shule kupita kiasi. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nasema ili ujue kwamba hata kitu kizuri kinaweza kumfanya mtu awe mbaya.

Karani alikuwa mwenyeji wa huku, mtu mpole aliyechoka.

"Wewe nakuja na nani?"

"Niko peke yangu."

"Mama iko wapi?"

"Alikufa."

Sikugeuka. Nilisikia tu kikohozi kifupi nyuma yangu. Karani akaandika, akanisogeza kando, akamwita anayefuata.

"Mama, iko na watoto ngapi?"

 Nikasikia sauti ya mama yangu, ya chini, bila kutetemeka: "Sina mutoto, bwana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kwa kuwa hakujua kuandika. Tukaondoka mmoja mmoja, kama watu wasiojuana. Kwenye shitingi aliwasha moto, akapika uji, akanigawia mimi kwanza. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Laiti angenigombeza.

Shule ile haikuja, kwa maana uvumi haujawahi kujenga darasa. Lakini maneno yetu yalibaki kwenye karatasi.

Aliyenigombeza ni Mama Bitondo, kiongozi wa wamama wa kanisa letu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alinikuta bombani mbele ya wenzake.

"Weye Sifa, nasikia uko yatima."

Nikainamisha kichwa.

"Na ule mwanamuke anakubebeaka maji kila siku, ni nani? Ni mupita-njia?"

Wamama wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Kisha akanivuta kando, na hapo hakuwa anacheka tena. "Rudi ku biro ya ule karani, mutoto. Sema kweli kungali mapema. Sisi batu tunaoza, lakini uongo ya karatasi haiozake."

Nikasema ndiyo, mama, kesho. Niliogopa kwamba tukigundulika waongo watatunyang'anya kadi zetu zote mbili za ukimbizi. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliuangalia kila siku na sikuinua hata udongo.

Baadaye nilihamia Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, nikawa nasuka nywele. Mama alibaki na shamba lake dogo la mahindi na maharage. Kila mwezi nilimpelekea sabuni na chumvi, nikakaa saa mbili, nikarudi. Sikumwuliza alizaliwa wapi hasa, wala alicheza na nani akiwa msichana, wala alimwonaje baba siku ya kwanza. Nilimpelekea sabuni nikadhani nimempelekea mtoto.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na nne akaugua ghafla, na gari la kambi likamleta hospitali moja ya Mbarara, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chumbani kwangu. Alikaa humo siku mbili. Hakuna aliyenitafuta, kwa sababu karatasi aliyokuja nayo ilisema hana mtoto. Siwalaumu, walisoma kilichoandikwa kwa sababu yangu. Mama Bitondo aliponipigia simu kuuliza hali ya mgonjwa, akidhani niko kando yake, nilikuwa na nywele za mteja mkononi. Nilikimbia. Nilikuta kitanda kimetandikwa shuka nyingine.

Aliyekuwa akilinda chumba cha maiti alikuwa askari mstaafu wa kambi ya jeshi, mzee aliyenyooka kama mti wa bendera.

"Wewe nani yake?"

"Mtoto wake, afande."

Akatazama karatasi. "Hii nasema hapana mtoto."

Bila kufikiri nikampa kadi yangu ya ukimbizi. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Na hii nasema mama yako alikufa zamani. Sasa huyu ni mama ya ngapi?"

Hakuwa anatania.

"Lete karatasi ya kweli," akasema. "Kesho kutwa mji itamzika."

"Wapi?"

"Pale ya watu hawana watu."

Mwanangu, mkana kwao ni mtumwa, lakini mimi nilikuwa nimefanya zaidi ya hapo. Nilikuwa karibu kumfanya mama yangu azikwe kama mtu aliyedondoka kutoka mbinguni.

Siku hiyohiyo nikarudi Nakivale. Chini ya kitanda chake cha fito kulikuwa na mfuko wa unga aliouosha na kuukunja, na ndani yake karatasi zake zote, kila moja ndani ya nailoni. Nilikaa chini nikazisoma, na kwa mara ya kwanza nikakutana na mwanamke anayeitwa Feza Nabintu.

Kadi ya ubatizo ilisema alizaliwa miaka mitano kabla ya uhuru wa nchi yetu, katika kijiji cha milimani ambacho jina lake sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kadi ya kliniki ya Nakivale ilikuwa na mstari mmoja niliousoma mara tatu: amezaa wanne, hai mmoja. Muuguzi alimwuliza, na kwa muuguzi alisema kweli. Zaidi yangu nilimjua mmoja tu, mdogo wangu aliyekufa kwa surua. Wale wawili wengine walikuja kabla yangu, na sijui kama walipata majina. Wote ambao wangejua wamekufa. Nimeyatafuta majina hayo hadi leo, sijapata hata herufi moja.

Chini kabisa kulikuwa na cheti cha darasa la watu wazima. Mama yangu alijifunza kusoma na kuandika akiwa na zaidi ya miaka hamsini, mimi nikiwa Mbarara, na hakuniambia. Au labda aliniambia, nikawa natazama saa.

Lakini hakuna hata karatasi moja iliyosema mtoto huyo mmoja aliye hai ni mimi. Nikaenda kwa Mama Bitondo nikaanguka miguuni pake. Hakunikumbusha lolote. Aliingia ndani akatoka na kaye, daftari kuukuu lenye gamba la kitambaa, ambamo wamama wa kanisa huandikwa siku wanapoingia na kila Alhamisi wanapokutana.

"Soma," akasema.

Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa Mama Bitondo, juma lilelile la foleni: Feza Nabintu. Anaitwa Mama Sifa. Ana binti mmoja, Sifa, wako pamoja.

"Nilimuuliza," akasema Mama Bitondo, "weye Feza, ku biro ulisema huna mutoto, na huku unasema uko naye. Akanijibu: kule nilibeba uongo ya mutoto wangu juu alikuwa mudogo na njaa ya masomo. Lakini kitabu ya kanisa, hapana. Huku niandike Mama Sifa."

Nikafungua kurasa. Mwaka baada ya mwaka, Alhamisi baada ya Alhamisi, Mama Sifa, Mama Sifa, kwa mwandiko wa watu wengine. Kisha mahali fulani katikati ya daftari mwandiko ukabadilika. Herufi zikawa kubwa, zimeinama kama mabua baada ya mvua. Alikuwa ameanza kujiandika mwenyewe. Na jina alilojifunza kuandika lilikuwa langu.

Mwenyekiti wa kijiji aliisoma ile kaye, akaandika barua, akagonga muhuri. Kesho yake tukaingia Mbarara, mimi na Mama Bitondo, daftari limefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Askari yule alisoma barua, akasoma kaye, akanitazama. Nyuma yetu palikuwa na foleni ya watu waliokuja kuchukua wafu wao.

"Karatasi nimeona," akasema. "Sasa wewe sema na mdomo yako. Huyu nani?"

Nikasema. Akaweka mkono sikioni, akasema hasikii vizuri, mizinga ilimharibia masikio. Basi nikapaza sauti, watu wote wakageuka: "Ni mama yangu! Mimi ni mtoto wake!"

"Haya," akasema, akatoa funguo. "Chukua mama yako, binti."

Kwetu, kabla ya kufukia, husomwa maisha ya marehemu. Niliyasoma mwenyewe. Ukurasa mmoja tu, wenye mashimo mengi, na palipokuwa na shimo nilisema wazi: hapa sijui, sikuuliza. Msalabani tuliandika Mama Sifa.

Ofisini kule kambini nilikwenda kusahihisha. Wakaniambia mtu akishakufa hasahihishwi, jina lake hupigwa mstari tu. Likapigwa mstari hivyohivyo, likiwa bado linasema hana mtoto. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu ndiye ninayeishi naye sasa. Chumbani kwangu hakuna anayeniita mtoto. Jioni huliandika lile jina, Mama Sifa, kwa herufi zilizoinama kama zake, kisha hufunga daftari langu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ikiwa umemkana mtu wako, kwa mdomo au kwa wino, kwa sababu ya njaa au aibu, nenda ukarekebishe wakati bado anaweza kukusikia. Usiogope kuitwa mwongo. Anayeitwa mwongo akasema kweli hulala usingizi wake. Keti na mama yako Alhamisi moja, umwulize: ulizaliwa wapi, uliwazaa wangapi, waliokufa waliitwa nani? Andika majibu, hata kama mwandiko wako umepinda. Usidhani maisha yake ni madogo. Ni madogo kwa karani tu.

Mungu wa wakimbizi akuhifadhi, mwanangu. Akupe mtu wa kukuita kwa jina, na kinywa cha kumwitikia angali anaita. Na siku yako ya kusomewa ikifika, ukurasa wako usiwe na mashimo.