Chupa Inayorudi Tupu

Wewe unayesoma, umewahi kuyaogopa maji ya kunywa?

Mlinzi wa usiku wa kiwanda cha mashati hakujua kwamba kuna watu wanaoyaogopa. Yeye na mkewe, mshonaji wa hapo hapo, walionana getini tu, kama jua na mwezi. Asubuhi mke akiingia kazini alimkabidhi mtoto. Jioni mume akiingia lindo alimrudisha. Mke akichelewa kutoka, mtoto hubaki kwenye kibanda cha lindo. Bosi alishamkuta humo, akasema akimkuta tena, baba na mwana watakwenda kulala kwao moja kwa moja.

Kwa hiyo mke hakuthubutu kuchelewa. Na si kazi rahisi: mstari mzima wa cherehani una kibao kimoja cha ruhusa ya kwenda chooni, na anayekichukua hubaki baada ya kengele kufidia mashati yaliyompita.

Mgongo ulianza kumuuma, kisha homa, kisha miguu kuvimba. Siku alipoangukia cherehani, mume aliitwa, akampeleka zahanati. Daktari, mama mkavu wa maneno, alimuuliza mgonjwa kama anakunywa maji. Mume akadakia.

"Anakunywa sana, daktari. Namjazia chupa mwenyewe kila asubuhi, jioni inarudi tupu."

Mke alitazama sakafu. Daktari alisema figo zimeanza kuchoka, akampa dawa na kumwamuru apumzike. Msimamizi naye alishatuma salamu: anayeumwa aumwe, ila cherehani haikai bila mtu.

Njiani mume alimtania. "Bibie, maji yote yale unakunywa wewe au mashetani yako?"

Mke alicheka kidogo, mkono kiunoni. "Mume wangu, we jaza tu chupa. Mimi najua namna ya kuwahi."

Kesho yake asubuhi mume alimjazia, akapokea mtoto, akaondoka. Hajafika mbali akaona mguu wa mtoto hauna kiatu. Akarudi kukitafuta.

Nyuma ya geti, kando ya ukuta, washonaji walikuwa wamejipanga. Kila mmoja aliinamisha chupa yake, akayamwaga maji taratibu huku akipiga soga na mwenzake. Kiangazi chote majani ya pale hayakuwahi kunyauka, naye mlinzi alikuwa akimsifia mtunza bustani.

Mkewe alikuwa wa tatu. Alikung'uta tone la mwisho, akafunga kifuniko, akaingia ndani kabla kengele haijalia.