Baiskeli Yenye Chapa ya Ng'ombe

Harufu ya solusheni ya kuzibia pancha ikinikuta popote nilipo, hunirudisha kijijini kwetu Zagayu. Ni harufu kali, inachoma pua kidogo kisha inaacha utamu nyuma yake, na kwangu haiji peke yake. Huja imechanganyika na samadi mbichi, maziwa na vumbi la kiangazi. Wengi wanaokumbuka baiskeli yao ya kwanza hukumbuka grisi na rangi mpya. Yangu ilinuka zizi. Baba aliilaza pamoja na ndama, na ndama waliilamba siti kwa ajili ya chumvi ya jasho langu, hata asubuhi nilipoitoa nilikuta bado ina ute na ilinibidi niifute kwa kanga ya mama. Tangu wakati huo nimezunguka sana. Nimepanga vyumba Shinyanga, Kahama, Mwanza, na mahali pengine ambapo sikumaliza hata msimu mmoja, lakini sijaona tena baiskeli inayolazwa zizini.

Nilikuwa nimechaguliwa kuingia sekondari, na katika ukoo wetu hakukuwa na msichana aliyewahi kufika huko. Shule ilikuwa ya kutwa, iko upande wa Bariadi, mbali mno kwa miguu. Aliyetembea alifika vipindi vimeshaanza, akachapwa, na baada ya muda akachoka na kuacha. Wasichana ndio waliotangulia kuacha, na aliyeacha hakukaa sana nyumbani kabla ya ng'ombe wa mahari kuingia uani kwao. Baba hakuwa na maneno mengi kuhusu elimu, yeye mwenyewe alisoma madarasa machache tu, lakini hilo alilijua. Baada ya mavuno ya pamba alimswaga dume wake mwekundu hadi mnadani, na jioni akarudi akisukuma baiskeli, maana kuiendesha alikuwa hajui. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya gia moja, ya bei ya chini kuliko zote alizoonyeshwa. Fundi alikuwa ameiunga kutokana na baiskeli kadhaa zilizokwisha kufa: fremu ya huku, usukani wa kule, madigadi ya kijani, karia ya nondo. Akaiegemeza ukutani, akaniita. "Kabula, dume ndiye huyu sasa. Akipotea sina mwingine, na shule itakuwa imeishia hapo." Alisema bila ukali, kama mtu anayekuonyesha mto una kina mahali gani.

Mama aliuliza kwa nini hakununua na mnyororo na kufuli, maana mjini wote wanafunga. "Umeona ng'ombe gani amefungwa kufuli?" Baba akamjibu. Mama akasema, "Ng'ombe ana akili, baba Kabula. Akiibiwa atarudi kwao." "Na huyu atarudi, watu wakimjua," Baba akasema. Basi akaifanyia baiskeli kila alichowafanyia ng'ombe wake. Aliweka motoni chuma cha chapa ya ukoo wetu, nusu duara yenye mstari chini yake, akakikandamiza kwenye siti ya ngozi hadi moshi ukatutoa machozi. Chini ya siti akafunga njuga ya yule dume mwekundu, ili baiskeli isitikisike bila watu kusikia. Siku iliyofuata akaisukuma nyumba kwa nyumba, akisalimia na kuwaonyesha majirani chapa, na wazee wakaipapasa siti kana kwamba wanapima unono. Tairi la nyuma lilipochanika pembeni hakutaka kununua jingine. Alilishona kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliopishana juu ya tairi, na tangu hapo kila lilipozunguka liliacha vumbini alama ya msalaba uliolala.

Shuleni walinicheka mpaka wakachoka. Njuga ilisikika kabla sijafika, na wavulana waliokaa karibu na dirisha walitangaza: "Fungueni geti, ng'ombe wa Kabula wanaingia." Mwingine akauliza, "Leo umekamua ngapi?" Niliona aibu, lakini hakuna aliyegusa baiskeli yangu, wakati zile zilizofungwa kufuli zilinyofolewa kengele na hata pampu. Na njiani sikuwa na aibu yoyote. Kwenye mteremko uliopita katikati ya mashamba ya pamba niliachia pedeli, upepo ukaingia kwenye mikono ya shati, njuga ikalia kama kundi zima linakimbia, na watu mashambani wakainua vichwa na kupunga majembe. Sijui kama kuna kitu nilichokipenda zaidi katika maisha yangu kuliko kuwa njiani wakati ule, nikiwa nimeondoka nyumbani na sijafika shule.

Iliibiwa mashineni, Jumamosi, mchana kweupe. Nilipeleka mahindi kusaga, nikaiegemeza kwenye ukuta pamoja na nyingine. Injini ya dizeli ilikuwa ikinguruma, na katika mngurumo ule hata njuga kumi zisingesikika. Nilipotoka na unga kichwani, mahali pake palikuwa na msalaba uliolala vumbini, ukifuatwa na mwingine, kisha mwingine, ukielekea barabarani. Nilikimbia nyumbani nikilia, nikijua ninakimbilia mwisho wa shule yangu. Baba alikuwa anachonga mpini. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Alama imeonekana?" Nikasema imeonekana. Akasimama uani, akapiga mwano, lile yowe la kuita watu ng'ombe anapoibiwa.

Kwetu mwano haupigwi kwa mchezo. Wanaume walitoka mashambani na fimbo, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na filimbi zao, na wa kwanza kufika akauliza ni ng'ombe wangapi. Baba akasema, "Ni dume mmoja. Mnamjua, nilimpitisha kwenu." Walitazamana. Nadhani kama asingewapapasisha ile siti, wangerudi kwenye majembe yao. Lakini walikuwa wameshika chapa kwa mikono yao, basi wakaja. Tulifuata misalaba ile kando ya barabara, Baba mbele, mimi nyuma yake kwa sababu nilijua tairi kuliko wote. Njiani tuliokota njuga imesokomezwa majani mdomoni. Baba aliyatoa, akaipukuta, akaiweka mfukoni. Mbele yetu mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Bariadi.

Lazima nieleze sheria ya nyayo kwa asiyeijua. Nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia katika kijiji, wanakijiji hupokea msako. Wao ndio wenye wajibu wa kuonyesha mahali zilipotoka nje ya kijiji chao. Wakishindwa, nyayo zimefia kwao, na wao hulipa. Misalaba yetu iliingia katika kijiji kilichopakana na shule yangu, na hapo kwenye mpaka tukasimama, kama desturi ilivyotaka, tukaita. Akaja mkuu wa sungusungu wa pale, mzee mwembamba aliyeitwa Masanja, pamoja na watu wake. Waliposikia kinachotafutwa ni baiskeli, walicheka.

"Mzee mwenzangu, kwato zake ziko wapi?" Masanja aliuliza.

"Hana kwato. Ana kiraka. Tazama."

Masanja aliinama, akaweka kidole kwenye msalaba, akaufuata kwa macho hadi ulipopinda kuingia katika njia ya kijijini kwake. "Tangu lini ng'ombe akatembea mguu mmoja mbele na mmoja nyuma?" alisema, na watu wake wakacheka tena. Mmoja akasema wakikubali hili, kesho wataletewa nyayo za sufuria. Mwingine akasema sheria iliwekwa na wazee ambao hawakuwa na baiskeli. Baba akajibu kwamba wazee hao pia hawakuwa na sekondari, na bado mtoto anakwenda. Wakabishana hivyo huku ngurumo zikikaribia, na kabla hawajaafikiana mvua ikashuka, ile mvua yetu ya kwanza isiyobisha hodi. Tulijibanza kwenye baraza ya nyumba iliyokuwa karibu. Nilisimama nikitazama barabara ikigeuka kuwa chai ya maziwa, na misalaba yangu yote ikienda na maji. Niliitwa Kabula kwa sababu nilizaliwa wakati wa mvua, lakini siku ile niliichukia.

Ilipopungua, Baba akamgeukia Masanja. Hakupandisha sauti. "Uliiona, au hukuiona?"

Masanja angeweza kusema hapana. Hakukuwa na alama tena duniani ya kumsuta, na watu wake walimtazama wakingoja aseme hivyo ili warudi makwao. Aliangalia kidole chake, kile alichokiweka vumbini. "Nimeiona," akasema. "Imefia kwetu."

Yakabaki malipo. Masanja akataja ndama jike. Baba akatikisa kichwa: "Ndama hapandwi kwenda shule." Safari hii hata Baba alicheka pamoja nao. Ndipo mwenye nyumba ile tuliyojikingia mvua, mjane aliyeitwa Mayu Ng'wasi, yaani Mama Ng'wasi, aliyekuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi, akauliza, "Hiyo baiskeli ilikuwa ya kazi gani?"

"Ya kumfikisha huyu shule, mayu," Baba akamjibu.

"Shule si ile?" Akaonyesha kwa gunzi. Mabati ya shule yalikuwa yanang'aa ng'ambo ya shamba lake. "Mnalipana ndama wa nini? Mwacheni mtoto hapa. Atafika kwa miguu kabla uji haujapoa."

Wasukuma wamezoea kuweka ng'ombe kwa mtu mwingine, mwenye kutunza anywe maziwa na mwenye mali aje kutazama. Baba alilielewa neno lile mara moja. Akakubali, na kijiji kikakubali kumpa mayu debe la mahindi kila nyumba baada ya mavuno, la kunilisha. Mimi sikuulizwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mayu Ng'wasi hakungoja hata hiyo ya tatu, kesho yake alinipa ndoo. Nilikaa kwake hadi kidato cha nne. Baba alikuja kila alipopita kwenda mnadani. Alinizunguka akinitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyewekwa, mbavu, miguu, macho, kisha akamwambia mayu, "Anatunzwa," akaondoka. Nilipata shule nikapoteza barabara. Huenda ndiyo sababu, nilipomaliza, sikuweza kutulia mahali.

Baiskeli haikuonekana. Walisema siku za mwizi ni arobaini. Nami mpaka leo, kila mji ninaofika, nikiona baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani huinama kutazama siti. Watu hudhani nataka kuiba. Sasa nimepanga chumba Binza, pale Maswa, na mwezi uliopita nilinunua ya kwangu, ya gia moja, ya bei ya chini kuliko zote. Fundi aliniuzia pamoja na mnyororo mnene na kufuli, akanionya nifunge gurudumu na fremu pamoja, nifunge kwenye kitu kisichong'oka. Sikubishana naye. Barabara siku hizi ni lami, na lami haishiki alama. Wala sijui ningepiga mwano mbele ya nani, maana majirani zangu nawajua kwa milango yao tu. Hata hivyo nilimwomba achome spoku motoni aniwekee ile nusu duara na mstari wake. Siti ilikuwa ya plastiki. Iliyeyuka na kunuka vibaya, na chapa ikatoka imepinda.

Wiki iliyopita nilikwenda nayo Bariadi. Nje ya soko niliifunga kwenye nguzo, nikavuta kufuli, nikavuta tena. Karibu yake alikaa mama anayeuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Nikamsalimia, tukapeana habari za kwetu na za kwao, za mvua na za pamba, kisha nikamwomba aniangalizie.

"Umefunga na kufuli, nilinde nini tena?" akaniuliza.

"Uijue tu, mayu."

Alinitazama kama anayepima kama nina akili timamu. Kisha akaweka chini kipimo chake, akajiinua polepole, akaja. Alipapasa chapa kwa kidole gumba, akazunguka nyuma. "Hii ina madigadi ya bluu," alisema, "na spoku moja imekatika." Akarudi kukaa. Nikaingia sokoni, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue, sikugeuka nyuma kutazama.