Nyayo za Unga wa Mchele

Msiniambie niliota. Mtu haoti huku mikono yake imejaa mafuta ya nazi mpaka viwikoni, na mimi jioni ile ndivyo nilivyokuwa. Homa sikuwa nayo. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na najua mnavyosema kuhusu wanawake wenye mimba, lakini nisikilizeni kwanza, kisha mseme.

Ilikuwa Kilwa Kivinje, wakati wa Mwingereza, vita ya pili imekwisha na nguo zimeanza kurudi madukani. Mume wangu alikuwa Lindi kwenye mashamba ya mkonge, nami nikikaa na mama mkwe. Ili nisishinde nimejiinamia, nilikwenda kumsaidia kazi jirani yetu, Mama Jaya, mke wa Mhindi mwenye duka la nguo. Alikuwa Banyani wa Kachi, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili alijifunza kwangu, ndiyo maana alijua kutukana vizuri. Jaya alikuwa mtoto wake wa tatu na wa kwanza kuishi. Wawili waliotangulia hawakufikisha siku arobaini, na kwa sababu hiyo mama yule alikuwa akiamka usiku kumsikiliza mwanawe anavyopumua.

Wiki ya Diwali, sikukuu yao ya taa, nyumba ile ilikuwa haikaliki. Kila kitu kilitolewa uani, kikasuguliwa, kikarudishwa. Tulifinyanga ladu, yale madonge yao matamu ya unga wa dengu, mpaka vidole vikanata. Vitaa vya udongo tuliletewa na wafinyanzi wa Mitole, vidogo vya kukaa kiganjani, na kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa bado adimu, tulitia mafuta ya nazi na tambi za pamba.

Siku yenyewe, alasiri, Mama Jaya alikoroga unga wa mchele na maji, akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikunja ngumi, akachovya ubavu wake, akaugandamiza sakafuni. Halafu kwa ncha ya kidole akatia vidole vitano. Ukawa unyayo, mdogo, mnene, wa mtoto anayejifunza kwenda. Alianza kizingitini, wa kulia, wa kushoto, akauvuka ukumbi mpaka chumba cha ndani, penye kidaka cha ukutani alimoweka picha ya mungu wao wa kike anayeleta neema. Chini ya kidaka hicho ndipo Jaya alipolala katika bembea yake.

"Leo mungu wetu huyu anapita mitaani," aliniambia. "Anaingia penye taa na mlango wazi. Hizi nyayo zinaingia tu, dada, hazitoki. Na mlango usiufunge mpaka taa zizime zenyewe."

Mimi nimelelewa kufunga mlango Magharibi ikiingia. Bibi yangu hata chumvi hakuitaja kwa jina lake usiku. Nikamuuliza, "Mama Jaya, na akiingia mwingine?"

Akacheka. "Mwingine nani? Mpe ladu."

Nilicheka naye, lakini tangu hapo sikutulia. Kila nilichokishika nilikiweka vibaya. Mara mbili nilikwenda mlangoni kutazama, na sikujua natazama nini.

Jua likazama. Diwali huwa usiku usio na mwezi, kwa hiyo mji mzima ulikuwa giza isipokuwa nyumba za Wahindi. Mama Jaya akavaa sari yake nyekundu, akavuka njia kwenda dukani kwa mumewe kwenye sala. Aliniachia mtoto amelala. Nikaenda jikoni uani kuchukua mafuta ya kuongeza kwenye taa, na huko nje fataki zikaanza kulia.

Basi katikati ya kelele zile nikasikia, polepole kabisa, "Hodi."

Sasa niambieni, ninyi mngefanya nini? Mtu wa pwani akisikia hodi, karibu inamtoka kama chafya. Nikasema, "Karibu, pita ndani," na mgongo wangu ukiwa umeelekea mlango.

Nilipoingia ukumbini mikono ikichuruzika mafuta, alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti. Mwanamke, si mzee, si kijana, amejifunga kaniki iliyochakaa. Shingoni, kote kuzunguka, ngozi ilikuwa imechubuka na kuwa ngumu, mahali palipokaa mti mzito kwa muda mrefu. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu la bara, jekundu kabisa, na sisi Kivinje tunakanyaga mchanga na matope ya mikoko. Nyuma yake sakafu nyeupe haikuwa na hata chembe ya vumbi lile.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama chini. Alikuwa anaweka mguu wake juu ya unyayo wa unga, mmoja, kisha wa pili, taratibu, na unga haukufutika.

"Mama," nikasema, "unamtafuta nani?"

"Mwanangu," akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mbali, wa huko karibu na Nyasa. "Tulifika naye mpaka hapa mlangoni. Wakamshika yeye, wakanishika mimi. Leo nimeona taa. Nimeona nyayo zake."

Nilikimbia nikamtangulia, nikasimama mbele ya bembea. Jaya alikuwa amelala, mkono mmoja umetoka nje. Pa kukimbilia hapakuwepo, uani kulikuwa na ukuta wa mawe usio na mlango. Nikaanza kusoma Alhamdu kwa sauti, nikidhani atapotea. Nilipoishiwa pumzi mwishoni, yule mwanamke akaitikia, "Amina," kwa adabu kabisa, akaweka mguu kwenye unyayo mwingine.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Shetani ningejua kumfukuza. Huyu alikuwa mtu, na mimi nimemkaribisha kwa mdomo wangu.

"Huyu si wako, mama," nikamwambia.

"Nyayo zimeingia humu," akasema. "Nitamchukua, tutakwenda."

Zilibaki nyayo nne kufika bembeani. Bakuli la unga lilikuwa pale chini ya kidaka. Sijui nani aliniongoza. Nilipiga magoti, tumbo langu likinizuia, nikafuta zile nyayo nne kwa kanga, nikakunja ngumi nikachovya. Nikagandamiza unyayo, nikautia vidole, lakini nikavielekeza mlangoni.

"Tazama," nikasema. "Mwanao alitoka. Alipita hapa, akatoka."

Alisimama akafikiri. Nikaweka wa pili, wa tatu, nikirudi nyuma kwa magoti, nikampita kando mpaka pindo la kaniki yake likagusa shavu langu, baridi ya udongo wa kisima. Mungu ananiona. Akageuka. Akaanza kunifuata, mguu wake ukija mahali ngumi yangu ilipotoka, nami natambaa kinyumenyume na bakuli, ukumbi wote, kizingiti, ngazi, mpaka nje njiani. Hapo unga ukaisha.

Akasimama juu ya unyayo wa mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa mchangani mbele yake, mikono mitupu. Akaniuliza, "Halafu akaenda wapi?"

Fataki ikalipuka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Mama Jaya alikuwa amesimama badala yake, anatazama nyayo zinazotoka nyumbani mwake. Uso wote ulimshuka.

"Nani ametoka?" akauliza.

Nikamweleza pale pale, ninalia. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akamtoa Jaya kwenye bembea, akakaa naye kizingitini mpaka taa ya mwisho ilipozima. Mtoto alikuwa mzima, na baadaye akakua, akaolewa. Lakini nyayo Mama Jaya hakuchora tena, na mwaka uliofuata walihamia Lindi.

Mama mkwe nilipomwambia hakushangaa. Alisema nyumba ile ilijengwa juu ya uwanja walipofikishwa watumwa kutoka bara, na kwamba watoto walitengwa na mama zao pale pale, kabla ya kupakiwa vyombo tofauti. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema, "Ungeacha kwenda kazini?"

Mngependa niseme yaliishia hapo. Mwaka uliofuata, usiku ule ule usio na mwezi, nilikuwa nyumbani kwangu namnyonyesha mwanangu. Nikasikia hodi. Karibu ilifika kwenye meno, nikaing'ata. Akapiga hodi mara tatu, kama desturi inavyotaka, kisha akasema kwa upole, "Mama, uliniambia ametoka. Alielekea wapi?"

Kila mwaka tangu hapo. Nimehama nyumba tatu, na kote amenifuata, kwa sababu unyayo wa mwisho niliuweka mbele ya magoti yangu mwenyewe. Ninamwogopa, na ninamhurumia vilevile, na huruma ndiyo inayoninyima usingizi. Ningekuwa mimi, nisingemtafuta wangu?

Kwa hiyo ninyi sikilizeni. Ukipigiwa hodi gizani, mtazame mtu miguu kabla hujamkaribisha. Na ukishamkaribisha, mpe chochote anachotaka kujua, lakini usimwongopee mama kuhusu mwanawe, awe hai au amekufa. Mimi nilimwokoa Jaya, sijuti, ila jibu analolidai yule mama sinalo na sitalipata.

Sasa nendeni mkalale. Wahindi wameanza kuosha nyumba zao, nimewaona leo. Atakayetoka wa mwisho anifungie mlango, na asubuhi mkija msipige hodi. Niiteni kwa jina.